Kiatu cha Enid

Uyoga umeota tena kwenye fremu ya dirisha la nyuma,
mmoja, mweupe, mdogo kama kidonge cha presha.
Kila Novemba huota, na kila Novemba
nauchomoa kwa kibano nilichostaafu nacho wodini,
napaka vanishi, nasema pole.

Morris ya sitini na saba, rangi ya lozi mbichi,
uso wa bati, kiuno cha mbao.
Mbao za kweli, si pambo:
ukizing'oa, paa litakaa kitako barabarani.
Sheria imelisamehe ukaguzi kwa uzee wake.
Mimi sijalisamehe. Nalipeleka kwa Sugden, hapa Skipton,
naye kabla hajagusa breki huja na bisibisi,
akalidunga ubavuni, hapa, na hapa,
kichwa kando, akisikiliza.
Sikio lile nalijua. Nimelitumia miaka thelathini
kwenye migongo ya watu: vuta pumzi, shusha, tena.

Aliniuzia Oldroyd wa namba tisa
macho yalipomkatalia kusoma vibao.
Bei aliyotaja ilikuwa ndogo hata nikaona haya.
Masharti, lakini, yalijaa kurasa nne, kwa penseli:
*Choki ivute nusu. Usiwe na pupa.*
*Gia ya kwanza haitaki gari linalotembea, ngoja lisimame.*
*Pampu ya petroli ikinyamaza, fungua boneti,*
*ipige kwa kisigino. Kiatu cha Enid kiko chini ya kiti.*
Enid kazikwa mwaka elfu mbili na nne.
Kiatu kipo, cha kahawia, cha mguu wa kushoto.
Sijauliza mwenzake yuko wapi.

Binti yangu Tausi hunipigia kutoka Leeds:
Mama, siku hizi kuna magari yenye joto ndani.
Namwambia najua. Simwambii hili:

Miaka kumi na tisa nimekaa mji huu.
Nimewaogesha, nimewafumba macho wazee wao,
nimepita sokoni na kapu langu, mvua, jua,
na hakuna aliyewahi kunipungia mkono.
Si ubaya. Watu wa huku huweka maneno kama kuni za baridi.
Kisha Jumamosi ile ya kwanza, nilipokata kona ya kanisa,
muuza mikate akatoka na unga mpaka viwikoni, akapunga.
Watoto wa basi la shule ya mpira wakapunga.
Mkulima juu ya trekta akainua kidole kimoja,
na kwake kidole kimoja ni hotuba.
Hadi nafika Grassington bega lilikuwa linauma.

Nilifurahi maili sita. Ya saba nikang'amua.
Walikuwa wanalisalimu gari:
baba zao usukanini, mbwa nyuma,
chai ya chupa, safari ya baharini chini ya mvua.
Mimi nilikuwa mkono tu, uliotokea dirishani
kupokea salamu za mwenyewe.

Juzi nilimpakia Oldroyd, alitaka kuiona Embsay.
Katikati ya mlima ile tik-tik-tik ikakata.
Nikashuka na kiatu, manyunyu yakiniingia shingoni,
nikagonga. Kimya. Nikagonga tena.
"Si nguvu," akaita kupitia upenyo wa kioo. "Yeye huisemesha kwanza."
Huisemesha, alisema, kana kwamba Enid yuko jikoni.
Basi nikainama, mdomo karibu na ile chuma,
nikaisemesha Kiswahili, lugha ninayosemea na wagonjwa
wasioijua, usiku wa manane, wakati maneno hayana kazi tena
ila sauti.
Tik.
Tik, tik, tik.

Nilipokaa akaniuliza, "Umeiambia nini?"
"Nimeiambia, jikaze mama, karibu tunafika."
Akatazama mbele, waipa zikisukuma mvua huku na huku.
"Enid," akasema, "alikuwa akiitukana."

Nikaingiza gia, ya kwanza, kwa adabu.
Nyuma yetu magari kumi na moja, taa zinawaka,
na hakuna hata mmoja aliyepiga honi.